Mwalimu Hakuwahi Kufuta Kitu

Jina lake la alama lilikuwa hili: kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinagonga kiganja cha mkono wa kushoto, mara mbili, haraka haraka. Kwa viziwi wa Kariakoo hivyo ndivyo mtu anavyouliza "kwa nini", na waliompa jina hilo hawakuwa wanamsifu. Walikuwa wamechoka naye. Ukimwambia umechelewa, anagonga kiganja. Ukimwambia mvua itanyesha, anagonga kiganja. Sisi wenye kusikia tulimwita Mwalimu tu, na mpaka leo nikiona mtu anajigonga kiganja hata kwa bahati mbaya, najikuta natafuta jibu la kumpa.

Tulikuwa majirani miaka mingi kwenye jengo moja Mtaa wa Sikukuu. Chini alikuwepo Mangi, Mchaga wa vyombo vya plastiki, anayeuza kwa jumla na kupakia mizigo ya wateja wa mikoani. Juu yake kilikuwepo chumba ambacho Mwalimu alifundishia lugha ya alama, na ubavuni mwa chumba hicho palikuwa na fremu yangu ya biashara, ya kupiga na kuhariri video za harusi. Mwalimu mwenyewe alikuwa kiziwi, mama mtu mzima, mwembamba, mwenye vidole virefu visivyotulia. Alama nilijifunza kwake kwa kuzoeana. Nilianza na za salamu, halafu za umbea, na za umbea ndizo zilizonikaa zaidi.

Kuna jambo halijaacha kunishangaza. Kariakoo saa tano asubuhi humsikii hata mtu aliyekushika bega. Vipaza sauti vya wauza viatu, honi, wasukuma mikokoteni wanaodai njia, kila mtu anapiga kelele mpaka koo linakauka. Katikati ya zogo hilo Mwalimu alikuwa anasimama kwenye varanda ya ghorofani na kuzungumza na fundi viatu kiziwi aliyekaa ng'ambo ya barabara. Wanazungumza taratibu, kwa marefu: mtoto wa fundi anaumwa nini, ngozi siku hizi inatoka wapi, na yule bwana anayepita sasa hivi kati yao mbona ameoa tena. Bwana anapita zake hana habari. Siku moja Mwalimu aliniona natazama, akatunyooshea kidole sisi wote tuliokuwa tunapayuka pale chini.

"Poleni," akasema kwa mikono. "Ulemavu wenu mgumu sana nyie."

Alikuwa shabiki wa timu ya Jangwani, tena wa kufa mtu. Mechi aliitazama kwenye televisheni ya Mangi, na alidai anajua mtangazaji anapodanganya kwa sababu midomo yake inakwenda mbio kuliko mpira. Hakupenda kusubiri. Hakupenda watu wanaotikisa kichwa kukubali jambo ambalo hawajalielewa. Ukimtikisia kichwa hivyo, anakuomba umweleze upya yeye kile alichokueleza, na hapo ndipo jasho linapokutoka.

Lakini kilichonifanya nimwone mtu wa ajabu ni kamusi yake.

Haikuwa kamusi ya karatasi. Kila neno lilikuwa video: mtu amesimama mbele ya pazia la buluu, anatoa alama, anairudia polepole, basi. Nyingi nilizipiga mimi, siku ambazo hakuna harusi. Tatizo ni kwamba alama hazikai mahali pamoja. Chukua neno "simu". Wazee walikuwa wanazungusha kidole hewani, kama walivyozungusha namba kwenye simu za zamani. Watu wa rika langu wanabonyeza kwa dole gumba. Watoto wa leo wanatelezesha kidole kwenye kiganja. Mtu mwingine angechukua ya watoto, akafuta zile nyingine, akaenda kunywa chai. Mwalimu hakuwahi kufuta kitu.

"Nikiifuta ile ya kuzungusha," aliniambia, "mzee anayeitumia akija hospitali na kusema alipigiwa simu, nani atamwelewa?"

Alikuwa na rafiki kiziwi Arusha, mtu wa kompyuta, ambaye walikuwa wakizungumza kwa video. Huyo ndiye aliyemwonyesha mfumo ambao waandika programu wanautumia kutunza matoleo ya kazi zao. Ukibadilisha kitu, mfumo unaweka kipya mbele na cha zamani unakibakiza nyuma pamoja na tarehe yake, siku yoyote unaweza kurudi kukichukua. Na kabla ya kupokea badiliko lako, unakudai sentensi moja: umebadilisha nini, na kwa nini. Nilikuwepo siku aliyoelewa sehemu hiyo ya mwisho. Aliikodolea macho kompyuta, akanigeukia, akagonga kiganja chake huku anacheka mpaka akashika ubavu. Amepata mashine yenye tabia yake.

Kikwazo kilikuwa uzito. Mfumo ule ulitengenezwa kwa ajili ya maandishi, na maandishi ni mepesi. Video zikiingia unakabwa. Kwa hiyo rafiki wa Arusha akamwongezea kifaa kingine: video yenyewe inapelekwa kwenye seva ya mbali, nje huko, na kwenye kompyuta yako kinaweza kubaki kifaili kidogo chenye mistari michache, kinachosema video fulani, uzito wake kadhaa, na alama ya kuitambulia huko iliko. Ukiihitaji, unaiita inakuja. Mimi nilielezwa mara tatu sikuelewa. Mangi alielezwa mara moja, akiwa anahesabu ndoo.

"Aah, si risiti hiyo!" akasema. "Mzigo uko godauni, wewe unatembea na risiti. Sasa hapo kigumu nini, bro?"

Tangu siku hiyo jengo zima tukawa tunasema risiti na mzigo, na Mwalimu akaunda alama zake, akazirekodi, akazitia kwenye kamusi.

Ndiyo maana yaliyompata Mangi yalitufurahisha sana. Viziwi walikuwa na mkutano Jumapili moja kwenye ukumbi wa kanisa, na Mangi akajitolea kupeleka kamusi nzima kwenye flashi waioneshe kwa projekta. Kompyuta ya dukani kwake ilikuwa na kamusi pia, ila kwa kubana bando ilikuwa imeletewa risiti peke yake. Akaona majina yote yamo, "simu", "soko", "samaki", yamejipanga. Akanakili. Ikachukua kufumba na kufumbua. Akashuka ngazi anajisifu kwamba kompyuta yake ina kasi kuliko ya Mwalimu. Ukumbini watu wamekaa, taa zimezimwa, Mangi anafungua neno la kwanza: mistari mitatu ya herufi na tarakimu. Neno la pili: mistari mitatu. Akafungua mpaka shati likamlowa.

Mwalimu alisimama mbele ya watu wote, uso mkavu.

"Huyu bwana," akasema, "maisha yake yote anawaambia wateja wasiondoke Kariakoo kabla hawajaona mzigo unapanda kwenye lori."

Ukumbi mzima ulipiga miguu sakafuni, maana wengi wao ndivyo wanavyocheka pamoja, ule mtikisiko wanausikia. Mangi mwenyewe aliipenda hadithi hiyo, akawa anaisimulia kwa wateja, kila mara ukumbi unazidi kuwa mkubwa.

Sasa niseme upande wake mgumu, maana alikuwa nao. Mwalimu hakuwa na huruma na alama mbovu. Alama ya mikono miwili ilikuwa ya mikono miwili. Fundi cherehani aliyezungumza huku ameshika kitambaa, mama aliyembeba mtoto mkono mmoja, msukuma mkokoteni asiyeweza kuuachia mkokoteni wake kwenye mteremko, wote hao aliwarekodi na wote aliwakataa. Aliona mkono mmoja ni sawa na kuongea huku unatafuna.

Aliyemkataa kwa hasira kuliko wote alikuwa mkaanga samaki wa Feri, dada mmoja kiziwi mwenye mwili mkubwa na mzaha mwingi. Tulimfuata kulekule sokoni kwa sababu alijua alama za samaki ambazo sisi wengine hatukuzijua. Hakuweza kuliacha karai, mafuta yanachemka. Mkono wa kulia ulikuwa na upawa wa matundu muda wote, akazungumza kwa wa kushoto. Na alama ikidai mkono wa pili, dada yule aliuazima popote: aligonga ukingo wa meza, aligonga ndoo, akamshika mteja mkono, akamgonga kiganjani, akaendelea. Mteja wala hakushtuka, amezoea. Mimi alinigonga kwenye kamera.

"Huyu anagusagusa watu," Mwalimu akasema. "Mwambie aweke upawa chini."

Dada hakuhitaji kuambiwa, alikuwa ameona. "Mwalimu," akajibu kwa mkono wake mmoja, "wewe unaongea umesimama. Mimi naongea nikiwa kazini."

Tulirudi Kariakoo. Mwalimu akaandika kwenye mfumo, nakumbuka maneno yenyewe: Imekataliwa. Sababu: mkono mmoja, anaazima mikono ya watu.

Lakini hakuifuta. Kwenye mfumo ule unaweza kufungua tawi, yaani njia ya pembeni ambayo haigusi kazi kuu, na yeye alikuwa na tawi la waliokataliwa. Humo aliwaweka wote, fundi, mama wa mtoto, msukuma mkokoteni, dada wa Feri. Na si risiti tu. Alikuwa anabeba kompyuta hadi dukani kwa Mangi kwenye waifai, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama mzigo mmoja baada ya mwingine ukipanda mpaka ufike. Mwanamke ambaye chai ya rangi aliigawa mara mbili ili isiishe, alikuwa anasumbua duka la watu kupeleka ng'ambo video alizozikataa mwenyewe. Nikamtania.

"Takataka nazo unazisafirisha?"

Akagonga kiganja. Kwa nini takataka?

"Nimekataa leo," akasema. "Leo mimi ndiye ninayejua. Kesho hatujui nani atakuwa anajua."

Nilidhani ni maneno ya kunimaliza tu. Alikuwa na mengi ya namna hiyo.

Kiharusi kilimpata nyumbani kwake Magomeni, asubuhi, akiwa anaandaa somo. Mangi ndiye aliyenipa habari, amesimama mlangoni kwangu na kofia mkononi. Akili yake ilikuwa nzima, madaktari walisema, macho mazima, mguu ungerudi polepole. Ila mkono wa kulia ulikuwa umelala, na hakuna aliyetuahidi kwamba utaamka.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, wiki kadhaa baadaye, nilimkuta amekaa kitandani, mkono umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Nikamwamkia. Akanitazama tu. Nikamuuliza hali. Akanitazama. Mpwa wake, binti anayemuuguza, akanivuta sebuleni.

"Haongei, kaka," akasema, machozi yamemlenga. "Wiki zote hizi. Mkono wa kushoto mzima kabisa, anakulia, anachania nywele, ila kuongea hataki. Nikimwambia jaribu shangazi, anafumba macho. Kiziwi akifumba macho unamwambia nini tena?"

Nilielewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma. Huyu ndiye aliyewaambia watu wote kwamba mkono mmoja ni kutafuna maneno. Kwa miaka yote hiyo hakumruhusu mtu, na sasa hakuweza kujiruhusu mwenyewe. Afadhali anyamaze. Hata jina lake lilitaka mikono miwili. Niliogopa kwamba Mwalimu atakufa amekaa vile, na maneno yake yote ndani.

Nilikuwa nimefika Kariakoo, napita kwenye ngazi, nilipolikumbuka lile tawi.

Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa ndogo, na kila video ya zamani iliyokwisha kufika kwenye seva aliiondoa kwake ili apate nafasi. Kwa hiyo kwake zilibaki risiti. Kwa Mangi risiti. Kwangu video zenyewe nilizifuta kupisha za harusi, na hata risiti hazikuwepo, nilikuwa nimepewa ufunguo wa kuingilia tu, na kwa uvivu sikuwahi kuutumia. Nikaketi dukani, juu ya ndoo ileile, kompyuta yangu magotini, nikaandika amri ambazo rafiki wa Arusha alinitumia kwenye simu, moja baada ya nyingine. Majina yakajipanga. Nikafungua la mkaanga samaki: mistari mitatu.

"Risiti," Mangi akasema nyuma ya bega langu. Alikuwa ameacha wateja.

"Ngoja. Sasa ndiyo naita mzigo."

"Na kama haukupakiwa?"

Tulikuwa tunaitegemea ile tabia ya Mwalimu tuliyoicheka, ya kukaa hapa na kutazama mpaka mwisho. Kimstari kikaanza kusogea, kikasimama, tukashika vichwa, kikasogea tena. Mangi alikuwa anaomba Mungu kwa Kichaga. Kisha moshi ukajaa kwenye kioo, na mafuta, na dada wa Feri na upawa wake, anacheka, anagonga ndoo.

"Mama yangu," Mangi akasema. "Umekuja mzima mzima."

Nikaziita zote. Fundi cherehani akaja, mama wa mtoto akaja, msukuma mkokoteni akaja na jua lake la mchana. Kila mmoja alikuwa amesafiri ng'ambo akiwa amekataliwa, akakaa huko akisubiri. Sijui kueleza nilichokihisi pale dukani. Nilihisi udogo, ule wa kupendeza, wa kusimama karibu na mtu aliyeona mbali kuliko yeye mwenyewe alivyojua.

Kesho yake nikampelekea Magomeni. Nikaiweka kompyuta kwenye magoti yake, nikamfungulia dada wa Feri. Alitazama bila kupepesa. Ilipoisha akaninyooshea kidevu: rudia. Nikarudia. Akanyoosha kidevu tena. Halafu akageuza uso ukutani, na mpwa wake akanionyesha mlango kwa upole. Nilirudi najilaumu. Nilijiona nimemletea mgonjwa kosa lake kitandani, tena kwa video.

Ukapita muda. Nilipiga harusi, nikahariri, nikamuuliza Mangi habari, hana habari. Kisha siku moja ukaingia ujumbe kwenye simu yangu, umeandikwa vibaya vibaya, kwa kidole kisichozoea: njoo na kamera.

Nilimkuta barazani kwake. Pembeni yake, akiwa amejaza mkeka mzima, alikaa dada wa Feri, na katikati yao sahani ya samaki iliyobaki mifupa. Walikuwa wanazungumza. Nasema walikuwa wanazungumza: mkono wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa unakwenda kasi, unagonga goti la mwenzake, unagonga sahani, unashika bega la mpwa wake anayepita na kulitumia kumalizia neno kisha kuliachia. Palikuwa na makosa. Mkaanga samaki alikuwa anamsahihisha, tena bila huruma, na Mwalimu anarudia kama mwanafunzi mtiifu. Niliganda pale getini na begi la kamera begani.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema kwa mikono.

"Marahaba," akajibu, kwa mmoja. Akaendelea moja kwa moja, hakuna pole wala umzima. "Tunaanza na neno gumu. Funga kamera kwenye stendi, mpe mpwa wangu abonyeze. Wewe njoo huku."

"Mimi mpiga picha."

"Leo wewe ni mkono."

Kwa miaka yote nilikuwa nyuma ya kamera, sikujua mbele yake kuna joto kiasi kile. Nikasimama. Mpwa wake akabonyeza. Mwalimu akaniinua mkono wa kushoto, akaufungua vidole kimoja kimoja, akautuliza mbele ya kifua chake, pale ambapo mkono wake mwenyewe ungekuwa. Kidole chake cha shahada kikaja, kikanigonga kiganjani mara mbili, haraka haraka. Kisha polepole, kwa ajili ya wanaojifunza.

Alitaka kuandika sababu palepale. Akachapa kwa kidole kimoja, sisi watatu tumeinama juu ya bega lake: Kwa nini, toleo jipya, kazi kuu. La mikono miwili lipo nyuma, halijafutwa. Sababu: nimeazima.

Chini yake akaongeza mstari mwingine, kwamba tawi la waliokataliwa liunganishwe lote na kazi kuu, majina yao yakiwemo, dada wa Feri wa kwanza. Akabonyeza. Mzigo ukaanza kupanda na yeye akautazama, kama kawaida yake, mpaka ukafika.

Alipoinua uso alinikuta naangalia pembeni, najifuta kwa mkono wa shati. Akanivuta kiganja, akakifungua tena, akakigonga mara mbili. Kamera ilikuwa imeshazimwa. Alikuwa ananiuliza ninalia nini, na alikuwa anasubiri jibu.